Nani Apewe Tuzo ya Ukaguzi wa Mifumo Kanda ya Ziwa?

Alasiri ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilitoka Bugolora, upande wa Ukerewe, na siku hiyo ilikuwa ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki walizidi 220. Katika saa za mwanzo, ndugu walipokuwa wakimiminika ufukweni, swali lililowakabili waokoaji lilikuwa la hesabu tu: walipanda watu wangapi? Hakukuwa na jibu. Ilielezwa wakati ule kwamba mkata tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki, na mashine iliyokuwa na kumbukumbu za tiketi ilipotea majini.

Miaka 22 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imeikaribia Mwanza. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwepo. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio yanayopishana kwa mamia. Kati ya msiba mmoja na mwingine teknolojia ilibadilika, mashine ikaingia mahali pa daftari, lakini udhaifu wa msingi haukubadilika. Nchi kavu haikubaki hesabu kamili ya watu waliomo kwenye chombo.

Mkaguzi wa mifumo ya TEHAMA hufundishwa kulitafuta kosa la namna hii tangu siku za mwanzo za mafunzo yake. Anauliza nakala ya pili ya taarifa iko wapi, na kama kitakachoiharibu ya kwanza kitaiacha hiyo ya pili salama. Tuseme mwaka 2017 mkaguzi mmoja angefika Bugolora, akaandika kwamba idadi ya tiketi ibaki gatini au itumwe makao makuu kabla kamba haijafunguliwa, na pendekezo lake likatekelezwa. Kivuko kingeweza kuzama vilevile. Ila waokoaji wangejua wanawatafuta watu wangapi, na pengine msimamizi wa gati, akiona namba imevuka 101, angezuia safari. Mkaguzi huyo asingejulikana na mtu. Asingeandikwa gazetini wala kuitwa jukwaani, kwa sababu matokeo ya kazi yake yangekuwa jambo ambalo halikutokea.

Ndiyo maana swali la nani astahili tuzo katika taaluma hii ni gumu, na ndiyo maana naliona ni la lazima kwa watu wa Mwanza na visiwa vyake. Tunaishi ndani ya mifumo hii kuanzia ushuru wa samaki, tiketi za vivuko na malipo ya hospitali hadi mishahara ya walimu na pesa zilizo kwenye simu. Anayeikagua vizuri anatulinda, na sisi hatuna hata namna ya kumtambua.

Taaluma yenyewe si kongwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za Marekani zilikuwa zikihamishia hesabu zao kwenye kompyuta, na wakaguzi wachache wa Los Angeles wakagundua kwamba wanatakiwa kuthibitisha vitabu wasivyoweza kuvifungua kwa mikono. Mwaka 1969 walisajili chama chao, ambacho leo kinajulikana duniani kwa jina la ISACA. Mwaka huohuo mtaalamu Joseph J. Wasserman alichapisha katika jarida la Harvard Business Review makala kuhusu kuziba mianya ya usalama wa kompyuta. Tawi la ISACA la New York lina tuzo yenye jina lake, ya kumheshimu mtu aliyetoa mchango mkubwa katika ukaguzi, udhibiti na usalama wa mifumo.

Kilichoifanya dunia iwasikilize watu hawa ni kashfa ya mwaka 1973. Kampuni ya Equity Funding, iliyokuwa huko huko Los Angeles, ilitengeneza maelfu ya mikataba ya bima za watu wasiokuwepo, ikaiuza kwa kampuni nyingine za bima, na kwenye kompyuta ikaipa alama maalumu ili isiingie kwenye utaratibu wa kawaida wa kudai malipo. Wakaguzi wa hesabu walikuwa wakipewa karatasi zilizochapwa na kompyuta, wakizilinganisha na karatasi nyingine zilizochapwa na kompyuta hiyohiyo. Aliyefichua ni Ronald Secrist, mfanyakazi aliyekuwa ameachishwa kazi, aliyemweleza mchambuzi wa hisa Raymond Dirks. Dirks hakupewa nishani. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilimchukulia hatua, ikidai alitumia taarifa za ndani kwa kuwatahadharisha wateja wake, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipomsafisha mwaka 1983. Ilimchukua miaka 10.

Kuanzia mwaka 1978 ISACA ikawa na cheti cha CISA, ambacho leo benki na ofisi za serikali hapa kwetu hukitaja katika matangazo ya kazi. Heshima nazo zikaongezeka. Kuna za waliopata alama za juu kwenye mitihani, za wazungumzaji bora wa mikutano, za waandishi bora na za matawi yaliyofanya vizuri. Tawi la Tanzania lipo, na shughuli zake zina kitovu Dar es Salaam.

Nchi yetu ina heshima zake pia. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hutoa kila mwaka tuzo kwa taasisi zilizoandaa vizuri taarifa zao za fedha. Kuanzia Julai 2012 hadi Juni 2018 Tanzania ilikuwa mjumbe wa Bodi ya Wakaguzi ya Umoja wa Mataifa, na Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi hiyo. Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, liliiweka Tanzania katika kundi la juu kabisa la nchi kwa utayari wa usalama wa mtandao, pamoja na Kenya na Rwanda.

Heshima hizi ni za kweli na sina haja ya kuzipunguza. Ila ukizitazama kwa pamoja unaona zinatazama upande mmoja. Zinapima sheria zilizotungwa, taasisi zilizoundwa, vyeti vilivyopatikana na vitabu vilivyopangwa vizuri. Hakuna hata moja inayoshuka mpaka mahali ambapo mfumo unakutana na mwananchi mwenye mzigo wake mkononi. Na huko ndiko mifumo hufa.

Chukua gunia la dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko linalopokea mazao ya ziwa kutoka visiwani na kuyasambaza hadi Kongo. Gunia linashushwa, mwenye mzigo anatoa ushuru, mkusanyaji anabonyeza mashine ya POS, risiti inatoka. Kwa mwenye mzigo shughuli imekwisha. Kwa mkaguzi ndiyo kwanza inaanza. Huenda mashine ilikuwa nje ya mtandao wakati ule, na muamala unangoja ndani yake mpaka mtandao upatikane. Ukishatumwa, mfumo wa halmashauri unamwandikia mkusanyaji deni kwa jina lake. Anatakiwa kuomba kontro namba na kuipeleka fedha benki au kuilipa kwa simu kupitia mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017. Kuanzia mkono wa mwenye gunia hadi akaunti ya halmashauri, shilingi hiyo imepita kwa mtu mmoja, mashine moja na mifumo miwili, na kila inapovuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine kuna nafasi ya kubaki njiani.

Sasa mkaguzi aliyebobea hufanyaje? Haanzii ofisini. Anasimama sokoni asubuhi na mapema, magari yanapopakia, na kuomba aonyeshwe risiti walizonazo wenye mizigo. Ananakili namba zake. Baadaye anakaa mbele ya kompyuta ya halmashauri na kuzitafuta moja moja. Risiti iliyopo mkononi mwa mchuuzi lakini haipo kwenye mfumo inasema jambo zito kuliko kurasa 40 za sera ya TEHAMA. Iliyopo kwenye mfumo kwa kiasi tofauti inasema zito zaidi. Kisha anaiomba orodha ya watumiaji wa mfumo na kuilinganisha na orodha ya watumishi: nani alistaafu mwaka juzi na nywila yake bado inafungua, nani ana uwezo wa kukusanya na hapohapo ana uwezo wa kufuta. Anaangalia miamala iliyorekebishwa, saa iliyorekebishwa na jina lililorekebisha. Marekebisho ya saa tano usiku siku ya Jumapili yanaweza kuwa na sababu nzuri. Anataka kuisikia tu.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mtambo wa bei kubwa. Kinahitaji mtu anayejua kazi, anayeheshimu undani, na asiyeogopa kuamka mapema.

Aina hizi za udhaifu si za kukisia. Ripoti za CAG kuhusu serikali za mitaa zimekuwa zikizirudia mwaka hadi mwaka, kwa halmashauri mbalimbali nchini: fedha zilizokusanywa kwa POS lakini hazikufika benki, mashine zinazokaa muda mrefu bila kuwasiliana na mfumo mkuu, miamala iliyofutwa au kurekebishwa bila idhini. Mfumo wa zamani wa mapato, LGRCIS, ulioanza kujengwa kupitia mradi wa miji ya kimkakati ambao Mwanza ilikuwamo, umepisha mfumo wa TAUSI. Miaka ya karibuni mifumo ya TEHAMA imepewa ripoti yake ya peke yake miongoni mwa ripoti kuu za CAG. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyozungumzwa. Miaka michache nyuma, ukaguzi wa mifumo ulikuwa aya mbili tatu mwishoni mwa ripoti ya fedha.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tuzo ya ukaguzi wa mifumo itolewe kwa pengo lililozibwa na likabaki limezibwa, tena ipimwe mwaka wa pili. Kugundua ni nusu ya kazi, na mara nyingi ni nusu iliyo rahisi. Hoja ya ukaguzi inaweza kuandikwa kwa ustadi, ikasomwa Dodoma, ikajibiwa kwa barua nzuri, na mwaka unaofuata ikaandikwa tena kwa maneno yaleyale, namba tu zimebadilika. Anayepewa heshima kwa kuiandika mara ya kwanza anaheshimiwa mapema mno. Kama ningekaa kwenye jopo la waamuzi, ningeomba ripoti mbili za miaka inayofuatana na kuuliza ni hoja gani iliyokuwamo kwenye ya kwanza na haimo kwenye ya pili, na imetoweka kwa sababu gani. Kuna hoja zinazotoweka kwa sababu zimetatuliwa, na kuna zinazotoweka kwa sababu mkaguzi amehamishwa.

Kigezo hiki kina tokeo ambalo wenzangu wa taaluma huenda wasilipende. Tuzo haitakuwa ya mkaguzi peke yake. Mkaguzi hana ruhusa ya kubadilisha mfumo anaoukagua. Akifanya hivyo anapoteza uhuru wake. Anayeziba pengo ni afisa TEHAMA wa halmashauri, aliyekaa usiku akizima akaunti za waliohama, au mweka hazina aliyekubali kutenganisha majukumu hata kama ofisi ina watu watatu tu. Katika halmashauri ndogo, kumwambia mtu mmoja asikusanye na kufuta kwa wakati mmoja maana yake ni kumtafuta mwingine, na mwingine huyo mara nyingi hayupo. Wanaofanikiwa katika mazingira hayo wamefanya kazi ngumu kuliko benki kubwa yenye kitengo kizima cha usalama. Kwa hiyo tuzo ningeipa jozi: aliyeona na aliyerekebisha.

Mfano mwingine unaonyesha kwa nini narudia neno kurekebisha. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba imewaondoa wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Watu wengi walisikia habari ile wakadhani wadukuzi wameingia. Kilichotokea kwa sehemu kubwa kilikuwa cha kawaida sana: mtu amefariki, amestaafu au ameacha kazi, na jina lake halikuondolewa. Mfumo ulifanya kazi yake kwa uaminifu, ukalipa kila aliyeandikwa. Ukaguzi wa mifumo hushughulika zaidi na usahaulifu wa namna hii kuliko na vijana waliojifungia chumbani na kompyuta. Tuzo zinazotukuza mapambano na wadukuzi peke yake zinaiacha nje sehemu kubwa ya hasara.

Wadukuzi wapo, sikatai. Oktoba 2020 nchini Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, waliingia kwenye kampuni ya Pegasus Technologies, iliyokuwa kiungo kati ya mitandao ya simu na benki, na huduma za kutuma pesa kati ya MTN, Airtel na Stanbic zikasimamishwa. Funzo la tukio lile ni la kikaguzi moja kwa moja: MTN, Airtel na Stanbic zilikuwa na ulinzi wao, lakini zote zilimtegemea mtu wa kati. Tarehe 27 Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulilemewa na mashambulizi, na kwa kuwa serikali ilikuwa imekusanya maelfu ya huduma mahali pamoja, zilikwama zote kwa mkupuo. Sisi tunaelekea njia hiyohiyo ya kuunganisha. Ni njia nzuri, ina unafuu mkubwa kwa mwananchi. Inataka watu wa kuikagua kabla haijakwama.

Kuna upande wa jambo hili ambao hausemwi kwenye hafla za tuzo, nao ni gharama ya kusema kweli.

David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mikononi mwake zilipita fomu za fidia ya mauzo ya nje, za dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo kwa kiasi kile. Aliziona, akatoa nakala, na kashfa ya Goldenberg ikajulikana. Alikamatwa, akapoteza kazi, akahamia Mombasa akaanza maisha mapya. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo yake ya uadilifu pamoja na Mkenya mwenzake, Naftali Lagat. Mwaka 2006 alifariki akiwa maskini. Tuzo ilikuwa ya haki, na ilikuja baada ya zaidi ya miaka 10, bila kazi, bila pensheni, bila ulinzi wowote. Hakuwa mkaguzi wa mifumo kwa cheo. Kwa kazi aliyoifanya, alikuwa: alilinganisha karatasi na ukweli, akakuta havifanani.

Hapa kwetu, tarehe 2 Aprili 2019, Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi na Profesa Assad, baada ya kauli yake kuhusu udhaifu wa Bunge aliyoitoa katika mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa. Novemba mwaka huo nafasi yake ikachukuliwa na Charles Kichere. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba namna alivyoondolewa ilikiuka Katiba. Mtu huyohuyo alikuwa ameaminiwa na dunia kuongoza wakaguzi wa Umoja wa Mataifa. Nalitaja jambo hili kwa sababu kijana wa ukaguzi wa ndani katika halmashauri yoyote ya kando ya ziwa alilifuatilia, na alijifunza kitu kuhusu thamani ya kuwa mkweli. Na Kenya, siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, Chris Msando, meneja wa TEHAMA wa tume ya uchaguzi, alikutwa ameuawa. Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais, na suala la kufunguliwa kwa seva za tume lilikuwa kiini cha hukumu.

Kwa hiyo tuzo inayostahili jina hilo haiwezi kuwa sahani ya shaba na picha. Kama imebeba heshima ya kweli, inapaswa kumjengea mtu ukuta: jina lake lijulikane mapema, wenzake wa taaluma wawe wamesimama naye, na kumhamisha kimyakimya kuwe na gharama kwa anayemhamisha. Chama cha taaluma kina uwezo huo kuliko serikali, mradi kiwe tayari kuutumia.

Nani basi atoe tuzo? Swali la fedha linaingia hapa na halikwepeki. Hafla nyingi za tuzo nchini hulipiwa na benki, kampuni za simu na wauzaji wa programu. Hao ndio wanaokaguliwa. Sisemi wadhamini wana nia mbaya. Nasema mkaguzi anayekaa meza moja na anayemkagua, akila chakula alicholipiwa, ameingia kwenye hali ambayo yeye mwenyewe angeiandikia hoja. Njia iko wazi ingawa ni ya polepole: ada za wanachama, vyuo kutoa ukumbi na waamuzi, na orodha ya wadhamini kuchapishwa pamoja na majina ya washindi.

Vyuo Mwanza inavyo. Benki Kuu ina chuo chake cha mafunzo hapa, Capri Point. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kipo Malimbe, na vyuo vya fedha na biashara vina matawi mjini. Wanafunzi wa uhasibu na wa kompyuta wapo kwa mamia, wakisoma majengo jirani bila kukutana, ilhali taaluma hii inakaa katikati yao hasa. Mtihani wa CISA una maswali 150 kwa saa 4, na baada ya kufaulu unatakiwa kuonyesha miaka 5 ya uzoefu, ambayo sehemu yake inaweza kupunguzwa kwa elimu. Ada yake ni dola 575 kwa mwanachama na 760 kwa asiye mwanachama. Kwa kijana anayeanza kazi halmashauri, hiyo ya pili ni zaidi ya mshahara wake wa mwezi, bado hajanunua kitabu. Tuzo ambayo zawadi yake ni ada ya mtihani kwa vijana wawili wa Kanda ya Ziwa ingefanya mengi zaidi ya glasi iliyochorwa jina.

Upo pia ulinzi unaofanywa na watu wasio na cheo chochote. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, wakala wa pesa kwenye simu amekuwa benki ya wavuvi. Ukienda kwenye mwalo wowote kisiwani utamkuta, kibanda kidogo, daftari na simu tatu. Yeye ndiye wa kwanza kuona mama akihangaika kutuma pesa kwa sababu amepata ujumbe wa "tuma kwenye namba hii". Wakala mzuri humzuia, humuuliza anayetumiwa ni nani, na huutuma ujumbe ule kwenda namba 15040 kama mamlaka ya mawasiliano, TCRA, inavyoelekeza. Humwonyesha pia kubonyeza *106# aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Hakuna takwimu ya mama aliyeokolewa namna hiyo, kwa sababu kile ambacho hakikuibwa hakiandikwi. Ningeweka nafasi ya mtu huyu katika tuzo, na nisingeiita ya heshima tu. Ningeiita ya usalama wa mifumo, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Pingamizi moja lina uzito. Watu wa usalama watasema huwezi kutangaza hadharani pengo uliloliziba, utakuwa umewafundisha wezi. Ni kweli kwa mapengo ambayo bado yapo kwenye halmashauri ya jirani. Lakini udhaifu tunaozungumzia hapa, wa akaunti za waliostaafu, mashine zinazokaa nje ya mtandao na mtu mmoja kukusanya na kufuta, unajulikana na wezi kitambo. Wasioujua ni madiwani na walipa ushuru. Na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoleta tume yake, imetupa mpaka wa kueleweka: majina na taarifa za wananchi zisiguswe, namna pengo lilivyozibwa ielezwe.

Kanda hii imewahi kuona ukaguzi wa kuaminika ukiiokoa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Uganda na Kenya kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Viwanda vya sangara vilibaki na minofu isiyo na soko. Soko lilirudi nchi hizi zilipojenga ukaguzi ambao mnunuzi wa mbali angeweza kuuamini, wenye kumbukumbu zinazoonyesha samaki ametoka wapi na amepita mikono gani. Wakaguzi wale wa samaki, waliokuwa wakiamka na mitumbwi alfajiri, waliokoa ajira za watu wengi. Sijaona mnara wao popote.

Mkoa wa Mwanza una halmashauri 8: Jiji lenyewe, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. CAG hukabidhi ripoti kwa Rais kufikia mwisho wa Machi, nazo hufika bungeni Aprili. Hazihitaji kuombwa, ni za umma. Jopo la watu watano, wawili wa ukaguzi, mmoja wa TEHAMA, mmoja kutoka chuoni na mchuuzi mmoja wa Mwaloni anayejua risiti inavyotakiwa kuwa, linaweza kukaa Mei na ripoti za miaka miwili mezani, likafuatilia hoja za mifumo za halmashauri hizo nane, kisha likaenda kuona kwa macho. Mahali pa kuanzia ningependekeza pawe kwenye magati ya vivuko vya visiwani, na swali la kwanza liwe kama hesabu ya abiria inabaki nchi kavu kabla chombo hakijaondoka.